Vitabu viwili, mbuzi wawili: skripti ndani ya gemu yetu ya duka

Gemu nyingi za kompyuta huishi kwa sentensi zenye pengo. Mtengenezaji wa Kiingereza huandika mara moja tu kwamba kitu fulani kimepotea, akaacha nafasi wazi mahali pa jina, na mashine ikajaza yenyewe: kitabu, embe, mbuzi, ufunguo. Sentensi haitikisiki. Sasa ijaribu kwa lugha yetu. Kitabu kimepotea. Embe limepotea. Mbuzi amepotea. Ufunguo umepotea, na ukiwa na rafiki yake, funguo zimepotea. Pengo ni moja, lakini kila unachokitia humo kinavuta kitenzi kizima kifuate nyuma yake.

Hilo ndilo lililotufanya sisi, wanachama watano wa klabu, tutumie muhula mzima wa pili ndani ya programu inayoitwa Godot. Wawili kati yetu wanasomea kompyuta. Watatu waliobaki ni uuguzi, sheria na isimu. Tulitaka gemu ndogo kwa ajili ya watoto wanaokuja darasa letu la Jumamosi: mtoto anatumwa dukani na mama yake, anapewa orodha, anafika kwa mwenye duka, anamwamkia, kisha anaomba vitu kwa maneno kamili. Si kwa kubonyeza picha. Aandike "Naomba vikombe viwili na mikate mitatu", apewe, alipe, arudi nyumbani. Watoto hawa wanaelewa karibu kila wanachoambiwa nyumbani, lakini hujibu kwa Kiingereza. Picha za kubonyeza zingewaachia waendelee hivyo hivyo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, Godot ni karakana ya kutengenezea gemu kwa macho. Ilianzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 wakaifungulia umma chini ya leseni ya MIT, yaani mtu yeyote anaweza kuitumia, kuibadilisha na hata kuuza alichokitengeneza nayo bila kumlipa mtu. Jina limetoka kwenye tamthilia ya Samuel Beckett, ile ya watu wanaomngojea mtu asiyefika. (Waliokaa kwenye mikutano ya klabu wakingojea wengine wafike watajua kwa nini tulilipenda jina hili.) Haihitaji hata kusakinishwa. Unapakua, unafungua, unaanza.

Ukishafungua, unaona kidirisha katikati ambamo unaweka vitu kwa kipanya: ukuta wa duka, meza, mwenye duka mwenyewe, sanduku la kuandikia. Kila kimoja huitwa nodi, na nodi hupangwa kama ukoo, mzazi juu na watoto chini yake. Ukimhamisha mzazi, watoto wanafuata. Upande wa kulia kuna dirisha la sifa, ambamo unabadilisha rangi, ukubwa, maandishi. Mwenzetu wa uuguzi, ambaye hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, alijenga duka zima kwa mchana mmoja, pamoja na magunia ya mchele na kanga zilizotundikwa mlangoni. Mpaka hapo hakuna skripti yoyote. Na mpaka hapo, lazima tuseme, duka lilikuwa zuri lakini bubu.

Kinachomfanya mwenye duka asikie na ajibu ni GDScript, lugha ndogo ya programu inayoishi ndani ya Godot yenyewe. Huendi kuinunua kwingine wala kufungua programu ya pili. Unabonyeza nodi, unaiambatishia skripti, na kihariri kinafunguka palepale. Wengi huuliza kwa nini wasitumie lugha iliyokwisha kuwepo. Waliwahi kufanya hivyo. Siku za mwanzo injini hiyo ilitumia Lua, wakajaribu pia Python na Squirrel, lakini kila moja ilikuwa ngeni mahali fulani: haikujua vipimo vya mahali na mwelekeo ambavyo gemu hutumia kila sekunde, au ilisimama kidogo ili kusafisha kumbukumbu ya kompyuta katikati ya mchezo, au ilikuwa vigumu kuifanya izungumze vizuri na kihariri. Mwishowe wakatunga ya kwao, inayofanana na Python kwa sura: mistari hurudishwa ndani badala ya kufungwa kwa mabano.

Hiyo Lua haijafa, bali imesambaa kwingine. Ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazili, na jina lake ni neno la Kireno lenye maana ya mwezi. Wadogo zetu wanaocheza Roblox wanakaa ndani ya jamaa yake bila kujua, kwa kuwa Roblox hutumia Luau, iliyotokana na Lua. Kireno kilitupa meza na leso karne nyingi zilizopita, na inaonekana hakijamaliza kutoa.

Kuna swali ambalo mhadhiri wetu mmoja alituuliza, na ni la haki: ikiwa chombo ni cha macho, kwa nini msimalize kazi yote kwa macho? Scratch inafanya hivyo, na watoto wanaiweza. Godot nayo ilijaribu. Toleo la 3.0 la mwaka 2018 lilikuja na njia ya kuandika programu kwa kuunganisha visanduku kwa nyaya kwenye skrini. Toleo la 4.0, Machi 2023, likaiondoa. Waliokuwa wakiitumia walikuwa wachache mno, na sababu tunaiona wazi: kila kisanduku kilifanya kazi ndogo sawa na neno moja la msimbo, kwa hiyo badala ya mistari kumi unayoweza kuisoma, unapata visanduku kumi na utando wa buibui. Kwa maoni yetu macho yanafaa kwa vitu vyenye mahali. Duka lina mahali. Ngeli haina mahali.

Tuzame hapo kwenye ngeli, maana ndipo penye utamu.

Godot ina njia yake ya kutafsiri gemu. Unaipa sentensi ya umoja, sentensi ya wingi, na idadi, nayo inachagua. Kitabu, vitabu. Kwa Kiingereza safari imeisha. Kwetu ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu idadi yenyewe huvaa nguo za jina: vitabu viwili, watu wawili, miti miwili, maembe mawili, kalamu mbili. Kisha idadi nyingine hazivai chochote: sita, saba, tisa na kumi hubaki zilivyo mbele ya kila mtu. Zinazobadilika ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Mtoto aliyezaliwa Unguja au Mombasa anayajua haya kabla hajaanza shule. Kompyuta haijui hata kidogo, na watoto wetu wa Jumamosi wako katikati.

Skripti yetu ya kwanza iliyotuchekesha kwa furaha ni hii:

const KIAMBISHI = {"A-WA": "wa", "U-I": "mi", "LI-YA": "ma", "KI-VI": "vi"}

func idadi(mzizi: String, ngeli: String) -> String:
    if ngeli == "I-ZI":
        return "mbili" if mzizi == "wili" else mzizi
    return KIAMBISHI[ngeli] + mzizi

Isome polepole. Mstari wa kwanza ni jedwali. Katika GDScript kitu cha namna hii huitwa kamusi, na hatukulazimika kulitafsiri jina hilo, linatufaa lilivyo. Unaiuliza "KI-VI" nayo inakujibu "vi". Chini yake kuna fankisheni inayopokea mzizi, kwa mfano "tatu", pamoja na ngeli. Ikiwa ngeli ni I-ZI hairuhusu kiambishi chochote, ila inakumbuka kwamba "wili" inageuka kuwa "mbili". Vinginevyo inaunganisha: vi na tatu, vitatu. Mistari mitano, na mwenye duka akaanza kuhesabu vizuri kuliko baadhi yetu.

Mwenzetu wa isimu hakuridhika. Alitaka kujua itakuwaje mtoto akinunua vitu kumi na kimoja. Hapo sehemu ya kumi haibadiliki, lakini ile moja ya mwisho inachukua kiambishi cha umoja ingawa jina liko katika wingi: vitabu kumi na kimoja, watu kumi na mmoja, miti kumi na mmoja, machungwa kumi na moja. Na kumi na mbili inarudi kwenye wingi: vitabu kumi na viwili. Kwa hiyo skripti inagawa idadi kwa kumi, inaangalia kilichobaki, na ikiwa kilichobaki ni moja inafungua jedwali la pili, la umoja. Jioni moja nzima tulikaa tukisomeana idadi kwa sauti kama watoto wa chekechea, ishirini na kimoja, ishirini na viwili, na bibi wa mmoja wetu, aliyekuwa kwenye simu ya video akingoja mjukuu amalize, alikuwa akitusahihisha kutoka Tanga bila kuombwa.

Swali lililofuata lilikuwa nani aamue ngeli ya kila neno. Kompyuta inaweza kubahatisha: likianza na ki- liweke KI-VI. Lakini kijana, kiongozi, kipofu na kifaru wote wanaanza hivyo, na hakuna anayesema "vifaru viwili" akiwa na maana ya wanyama. Kilicho hai kinakwenda na A-WA hata kikivaa kanzu ya wengine: vifaru wawili, vijana wawili. Tuliamua mtu aamue, si mashine. Na hapa ndipo lugha iliyomo ndani ya chombo cha macho inapoonyesha faida yake kuliko lugha iliyo nje.

Katika GDScript ukiandika @export mbele ya kigeu, yaani mbele ya jina linalobeba thamani, kigeu hicho hutokea papo hapo kwenye dirisha la sifa, nje ya msimbo. Tuliandika skripti fupi inayoeleza neno ni nini: lina umoja, lina wingi, lina ngeli, lina picha. Ngeli tukaifanya orodha ya kuchagua. Kuanzia hapo wenzetu wa sheria na uuguzi hawakuhitaji kugusa skripti hata kidogo. Walifungua faili jipya la neno, wakaandika "mkate" na "mikate", wakateremsha orodha, wakachagua U-I, wakavuta picha, wakahifadhi. Tuna maneno zaidi ya mia moja yaliyoingizwa kwa namna hiyo, na mengi yameingizwa na watu wanaodai hawajui programu. (Kulikuwa na ubishi mdogo kuhusu majina. Waliosoma vitabu vya Kenya wanaandika LI-YA, wazazi waliosoma Tanzania wanasema JI-MA, na wahadhiri wetu husema ngeli ya 5 na ya 6. Tuliandika LI-YA kwa kuwa aliyekuwa kwenye kibodi siku hiyo ni wa Mombasa.)

Ubishi mkubwa zaidi ulikuwa kuhusu lugha ya msimbo wenyewe. Maneno ya msingi ya GDScript ni ya Kiingereza na hayabadiliki: if, func, return. Majina tunayotunga sisi yanaweza kuwa ya lugha yoyote. Tukaandika ya Kiswahili, na matokeo yake ni mistari kama hii: if mteja.ana_pesa(). Mmoja wetu aliisoma kwa sauti akasema hivi ndivyo tunavyozungumza jikoni na ndugu zetu. Wanaosomea kompyuta walikuwa na wasiwasi kwamba mtu wa nje hataweza kusaidia. Sisi wengine tulijibu kwamba mtu wa nje wa gemu ya ngeli hatakwenda mbali bila Kiswahili hata hivyo. Kiswahili kilishinda, kura tatu kwa mbili.

Kina raha yake, kwa sababu herufi zetu ni zilezile za kawaida na hazina alama za juu wala za chini. Isipokuwa moja. Ng'ombe. Ile alama katikati, kwenye msimbo, ni alama ya kufungua maneno, na jina la kigeu haliruhusiwi kuwa nayo. Ukiiondoa unapata "ngombe", ambayo midomoni mwa mtoto anayejifunza kusoma itaanza kama ngoma. Kwa hiyo ndani ya skripti yetu anaishi mnyama aitwaye ng_ombe, na kila anapotajwa kwenye skrini ni lazima jina lake lifungwe kwa alama mbilimbili, zisije zikagongana na ile yake. Ng'ambo, ng'aa na kung'oa nao wamejiunga naye.

Yote hayo yalikuwa mepesi tukilinganisha na kilichotokea tulipofika kwenye kuhukumu jibu.

Ni rahisi kuandika: ikiwa alichoandika mtoto ni sawa na tulichotunga, mpe kitu, la sivyo, mwambie ajaribu tena. Mistari minne. Kabla haijafika kwa mtoto yeyote, mwenzetu wa sheria, ambaye familia yake imetoka Bukavu, alikaa mbele ya kompyuta akaandika kwa makusudi "vitabu mbili". Duka likamkatalia. Akaandika tena vilevile. Likamkatalia. Akatugeukia akasema: hivi ndivyo mama yangu anavyohesabu. Kwao hawasemi vitu, wanasema bintu, na mbili mara nyingi inabaki mbili. Mtoto wa nyumba kama yetu akija hapa Jumamosi, mashine itamwambia nini kuhusu mama yake?

Kimya kikapita. Aliyevunja kimya ni mwenzetu ambaye baba yake ni wa Nairobi. Alisema hata mtaani kwao "vitabu mbili" ni jambo la kila siku, na watu hawaachi kuuziana.

Hili si jambo la mapambo kwetu. Karibu kila mmoja wetu ana hadithi ya mtu mzima aliyecheka Kiswahili chake, na baadhi ya ndugu zetu waliacha kukizungumza kwa sababu hiyo tu. Upande wa pili, tunasoma somo lenye mtihani, na mtihani unataka viwili. Mhadhiri aliyekuja kutuona alisema bila kuzunguka kwamba gemu inayokubali kila kitu haifundishi kitu. Tulimsikia. Tunadhani yeye na mwenzetu wa Bukavu wote wana haki, na kwamba swali lilikuwa hasa ni kazi gani anayopewa mwenye duka.

Mwenye duka wa kweli hasahihishi. Anataka kuuza. Ukimwambia "naomba vitabu mbili" anaweza kukujibu, "Vitabu viwili? Hivi hapa," na hakuna aliyeaibika, lakini sikio lako limepata neno. Ndivyo skripti inavyofanya sasa. Kila neno lina orodha ya namna linavyosikika majumbani mwetu, na jibu lolote lililomo humo linafungua droo. Kisha mwenye duka hurudia kwa Kiswahili sanifu, kwa sauti ya kawaida, na mchezo unaendelea. Jibu lisilo katika orodha halipewi alama nyekundu, mwenye duka anauliza tu, "Unataka ngapi, mwanangu?"

Kwa ajili ya mhadhiri wetu tumeongeza kigeu kimoja chenye @export, kinachoitwa mtihani. Kwenye dirisha la sifa kinaonekana kama kisanduku cha kutia tiki. Kikitiwa tiki, droo haifunguki mpaka upatanisho uwe kamili. Hakuna haja ya kugusa msimbo, na anaweza kukibadilisha hata gemu ikiwa inaendelea, kwa kuwa kihariri hupeleka badiliko kwenye mchezo ulio wazi. Bado hatujakubaliana kisanduku kiwe na tiki au kitupu mtu anapofungua gemu kwa mara ya kwanza. Kwa sasa ni kitupu.

Maamkizi nayo yana skripti yao, fupi zaidi. Mwenye duka ana umri, mtoto ana umri, na tofauti ikiwa kubwa gemu hutegemea "Shikamoo" na mwenye duka anaitikia "Marahaba". Lakini duka la tatu, la mama wa Kikongo, halingojei shikamoo, kwa sababu nyumbani kwao huamkiana kwa jambo. Hilo nalo ni tiki kwenye dirisha la sifa.

Kilichobaki ni vimilikishi, na hapo tunahitaji msaada wa wasomaji. Mbuzi wangu, ng'ombe wangu, lakini ndugu yangu, dada yangu, rafiki yangu, na bado ndugu yangu amekuja, si imekuja. Jamaa wana nusu ya I-ZI na nusu ya A-WA, na jedwali letu halina pa kuwaweka. Mwenzetu wa isimu anaandika fankisheni yao wakati toleo hili linakwenda kupigwa chapa.

Pia tunaomba maneno. Ukiwa na neno la sokoni, la jikoni au la shambani linalosikika kwenu na halisikiki kwa wengine, lilete siku ya mkutano pamoja na umoja, wingi na ngeli yake. Ila embe usilete, tunalo tayari. Bibi wa Tanga anasema embe hili, maembe haya. Bibi wa Mombasa anasema embe hii, embe hizi. Wote wawili wameulizwa mara ya pili, wote wawili wamekataa kusogea, na faili la embe mpaka leo halijachaguliwa ngeli.